Mkate Ulio Tayari



Ramadhani ya mwaka jana, sisi wanawake wachache wa mtaa mmoja tulichangishana tukanunua unga, mchele, sukari, tende na mafuta ya kupikia. Tukavifunga katika mifuko na kuipeleka kwa majirani ambao tulijua kuwa wako katika dhiki. Kila tulipobisha tulipokewa kwa dua. Katika mlango mmoja mwenzetu alitoa simu, akasema, “Bi Mkubwa, hebu shika mfuko tukupige picha, waliochanga nao waone.” Mama yule ni mjane, na kwa umri amemzidi mamangu mzazi. Aliushika mfuko, akainamisha macho, picha ikapigwa. Kabla ya tarawehe kwisha ilikuwa imekwisha kuzunguka katika simu za watu, hata ikamfikia binti yake aliyeolewa mji wa mbali, ambaye hakuwa na habari kwamba mamake amefika hapo.

Asubuhi niliukuta mfuko umewekwa mlangoni pangu. Haukuwa umefunguliwa.

Mfuko ule haujanitoka moyoni tangu siku hiyo. Chakula kilikuwa cha halali, na nia zetu, naamini, zilikuwa safi. Hata aliyepiga picha hakukusudia ubaya, kwani waliotoa fedha zao wana haki ya kujua zimekwenda wapi. Basi ni kitu gani kilichoharibika?

Nilianza kutafuta jibu katika vitabu vyetu, kama ipasavyo. Suratul Baqara, aya ya 271, inatufundisha kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, na ile inayofichwa ikamfikia fakiri ni bora zaidi. Aya ya 263 inatuambia kuwa neno jema lashinda sadaka inayofuatiwa na maudhi. Mtume wetu (S.A.W.) amemtaja miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli siku isiyo na kivuli yule atoaye mkono wa kulia hata wa kushoto usijue. Haya yote niliyasoma chuoni nikiwa mtoto. Lakini kuyajua hakukunizuia kusimama pale mlangoni nikitazama picha ikipigwa. Nilihitaji kuyasikia upya, na mara nyingine jambo ulilolizoea hulisikia vizuri likisemwa na mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa ni kisa kilichomo katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa sheria, mijadala na masimulizi ya wanazuoni wa Kiyahudi walioishi Iraq ya kale.

Najua wapo wasomaji watakaokunja nyuso hapa. Siandiki haya kwa kuyasahau machozi ya ndugu zetu wa Palestina. Dhulma ni dhulma, na hakuna kisa kizuri kiwezacho kuifuta. Lakini watu walioishi ukingoni mwa Furati zaidi ya miaka 1,700 iliyopita hatuwabebeshi mzigo wa wengine, na mzazi asiyemfundisha mwanawe tofauti hiyo amemdhulumu mwanawe. Imepokewa kwamba sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza mara moja, na akarudia, kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa fungu lake. Kwa adabu hiyo ya sahaba ndivyo nilivyokifungua kitabu cha watu wale.

Kisa chenyewe ni hiki. Alikuwako mwanachuoni aitwaye Mar Ukva, mtu mwenye cheo na mali. Jirani yake mmoja alikuwa maskini, na kila siku Mar Ukva alikuwa akipita na kumwachia sarafu nne za fedha katika tundu la bawaba ya mlango, kisha akaenda zake. Maskini aliziokota bila ya kujua zatoka wapi. Siku moja akasema moyoni mwake, leo nitavizia nimwone huyu anifanyiaye wema. Ikasadifu siku hiyo Mar Ukva kuchelewa darsani, na alipotoka alikuwa pamoja na mkewe. Walipoufikia mlango na kuinama, mlango ukatikisika, na maskini akatoka. Mume na mke wakatimua mbio. Maskini naye nyuma yao. Walipokosa pa kujificha wakaingia ndani ya tanuri la mikate, ambalo makaa yake yalikuwa yamekwisha kufagiliwa lakini sakafu yake ingali moto.

Nyayo za Mar Ukva zikaanza kuungua. Mkewe akamwambia aziweke juu ya nyayo zake yeye, kwani zake hazikuwa zikiungua. Mwanachuoni akafadhaika. Vipi yeye mwenye elimu na mwenye kutoa aungue, na mkewe asalimike? Mke akamfahamisha kwamba yeye hushinda nyumbani, na anachowapa maskini wanaopita huwa ni kitu cha kuliwa pale pale.

Tuitazame hoja ya mama huyo, kwa maana ni hoja ya mtu aliyepika. Aliyepewa sarafu bado ana safari. Hana budi kwenda sokoni, kununua unga, kutafuta kuni, kukanda na kungoja. Pengine ana watoto wanaolia, au ni mgonjwa, au sarafu ile ina mdai anayeingoja. Aliyepewa mkate hula. Mume alitoa kingi zaidi kwa hesabu ya fedha. Mke alitoa kilicho karibu zaidi na kinywa. Kitabu hicho hicho kina kisa kingine kinachofanana na hiki, cha mchaji mmoja aitwaye Abba Hilkia. Yeye na mkewe walipanda juu ya dari wakati wa ukame kuomba mvua, kila mmoja katika pembe yake, na wingu likaanza kutokea upande wa mke. Sababu iliyotolewa ni ile ile, mkate ulio tayari.

(Jina la mke wa Mar Ukva halikuandikwa, wala la mke wa Abba Hilkia. Wengi wetu twaijua hali hiyo, hatuna haja ya kuelezwa.)

Lakini kilichonikamata mimi zaidi ni lile tanuri. Watu wawili wazima na heshima zao wanamkimbia maskini! Wangeweza kusimama, wakapokea shukrani na dua, kisha wakarudi nyumbani na furaha. Badala yake wakaona heri kuingia motoni kuliko jirani yao kuinua macho na kuona uso wa aliyemsaidia, kisha awe anainama kila akutanapo nao njiani. Wanazuoni wa Talmudi wanakifuatishia kisa hiki fundisho zito, kwamba ni bora mtu ajitupe katika tanuri la moto kuliko kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Sisi hatukuingia tanurini. Tulimwambia mama ashike mfuko vizuri ili uonekane.

Mayahudi wana desturi ya kuyalinganisha matendo mema na taa, na desturi hiyo haikubaki katika maneno matupu, imeingia katika nyumba. Ijumaa kabla jua halijatua, mama wa nyumba ndiye kwa kawaida awashaye taa za Sabato, na katika nyumba nyingi, kabla ya kuwasha, hutia sarafu katika kisanduku cha maskini. Sabato ikishaingia haruhusiwi kushika fedha wala kuwasha moto, kwa hiyo kumfikiria mwenye njaa hutangulia, na mwanga hufuata. Talmudi inauliza pia swali ambalo mwenye pesa chache atalielewa: mtu akiwa na uwezo wa kununua taa moja tu, anunue ya nyumba au ya sikukuu yao ya Hanuka? Jibu ni taa ya nyumba, kwa ajili ya amani ya watu wa nyumbani, wasikae gizani kwa majonzi. Ibada ya kuonekana na watu inaipisha ile ya kuwatuliza wa ndani. Natamani akina baba wanaosoma ukurasa huu waisome sentensi hiyo mara mbili.

Hanuka yenyewe ni siku 8. Simulizi yao ni kwamba Hekalu la Baytul Maqdis lilipotwaliwa tena kutoka mikononi mwa watawala wa Kiyunani, yalipatikana mafuta safi ya siku moja tu, yakawaka siku 8. Wanazuoni wa kale walihitilafiana juu ya namna ya kuziwasha taa za ukumbusho huo. Wafuasi wa Shammai walisema zianze 8 na kupungua moja kila usiku. Wafuasi wa Hillel wakasema ianze moja na kuongezeka, kwa kuwa katika mambo matukufu mtu hupanda, hashuki. Kauli ya pili ndiyo inayofuatwa hadi leo. Usiku wa kwanza ni kijitaa kimoja dhidi ya giza lote, na hakuna anayekicheka. Sisi nasi tumefundishwa kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, japo iwe kidogo. Tena wale walimu wa Kihasidi, ambao mafunzo yao yalienea Ulaya ya Mashariki tangu karne ya 18, hupenda kufundisha kuwa mwanga mchache huliondoa giza jingi, wala giza halihitaji kupigwa kwa fimbo.

Hapa nina neno langu mwenyewe. Mwanga una namna mbili. Kuna taa inayowekwa mahali ili watu waone njia, na kuna kurunzi inayomulikwa usoni mwa mtu. Zote mbili ni nuru. Ya pili humfanya mwenzako afumbe macho.

Watu wa Fustat, mji wa kale ulio leo ndani ya Cairo, walilijua jambo hili vizuri ajabu. Mayahudi, kama sisi tusivyopenda kutupa ovyo karatasi yenye jina la Allah, hawatupi maandishi yenye jina la Mola. Huyahifadhi mpaka yazikwe. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat kilikuwako chumba cha kutupia karatasi kama hizo, na kwa karne nyingi watu waliingiza humo kila kitu: barua, mikataba ya ndoa, hesabu za biashara, orodha za maskini. Mwaka 1896 wanawake wawili pacha kutoka Scotland, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirejea Uingereza na kurasa walizozinunua safarini, wakamwonyesha mwanachuoni Solomon Schechter wa Cambridge. Ukurasa mmoja ukamfanya aondoke kwenda Misri. Leo Cambridge peke yake ina karibu vipande 200,000 vya karatasi hizo. Nyingi zimeandikwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, jinsi mababu zetu wa mwambao walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Humo mna orodha za mikate. Katika zama za Fatimiya na Ayyubiya, jumuiya ile iligawa mikate kwa maskini wake mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Majina mengine si majina hasa: mjane wa fulani, mama wa fulani, kipofu, mayatima. Fedha zilitoka katika michango na katika kodi za nyumba zilizowekwa wakfu, na kutoka katika mapato hayo hayo yalinunuliwa mafuta ya taa za sinagogi. Mafuta ya taa na mkate wa mjane vilitoka mfuko mmoja.

Lakini si kila mwenye shida alikubali jina lake liingie katika orodha. Mtaalamu Mark Cohen, aliyezichambua barua za maskini wa Fustat, ameonyesha kuwa walikuwako watu walioitwa mastur. Msomaji wangu wa pwani, neno hili halihitaji tafsiri. Ni aliyesitirika. Ni mtu aliyekuwa na chake, kikapungua, naye akaendelea kuishi nyuma ya sitara yake, mlango umefungwa, nguo zimefuliwa. Mtu huyo alipozidiwa hata akaandika barua ya kuomba, alilieleza tendo hilo kuwa ni kuufunua uso wake. Barua hizo ziliandikwa kwa siri, kwa mtu mmoja mmoja, na nyingi zinasihi kwamba mwandishi hajawahi kufanya hivyo kabla. Kila nisomapo habari zao namwona Bi Mkubwa wetu. Yeye alikuwa mastur. Sisi ndio tuliomfunua.

Katika mji huo huo aliishi na kufa, mwaka 1204, Musa bin Maimun, mzaliwa wa Qurtuba, tabibu aliyemtibu Qadhi al-Fadhil, waziri wa Salahuddin al-Ayyubi, na baadaye al-Afdhal, mwana wa Salahuddin. Kwa Mayahudi yeye ni mwanasheria mkubwa kupita wengi. Katika kitabu chake cha sheria alizipanga sadaka katika daraja 8. Ya chini kabisa ni kutoa kwa uso wa huzuni. Inayofuata juu yake ni kutoa pungufu ya inavyostahili lakini kwa uso mkunjufu. Maana yake, anayetoa kidogo huku akitabasamu amemzidi anayetoa huku amenuna. Juu zaidi anawataja wenye hekima wa kale waliofunga sarafu ndani ya vitambaa na kuzitupa nyuma ya migongo yao, wakatembea bila kugeuka, ili maskini wakija kuziokota wasionekane nyuso. Kisha wapo waliotupa fedha milangoni kwa siri, na juu yao ni pale ambapo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji.

Daraja ya juu kabisa si ya siri hata kidogo. Ni kumshika mkono mtu anayeyumba kabla hajaanguka: kumpa, au kumkopesha, au kushirikiana naye biashara, au kumtafutia kazi, hata asihitaji kumwomba mtu.

Huwa nadhani Musa bin Maimun aliijua daraja hiyo kwa mwili wake. Kwa miaka alisoma na kuandika akitegemea biashara ya ndugu yake mdogo, Daud, aliyekuwa mfanyabiashara wa vito. Ipo barua ya Daud katika zile karatasi za Fustat, aliyoiandika akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, akimpa nduguye habari za safari yake na kumtuliza. Baadaye Daud alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, na pamoja naye mali yake na mali za watu. Akaacha mjane na binti mdogo. Musa mwenyewe ameandika kwamba alilala kitandani karibu mwaka mzima kwa majonzi. Alipoinuka, utabibu ndio uliowalisha wote.

Neno la Kiebrania la sadaka ni tsedaka, na kila mtu analisikia kuwa ni pacha wa letu. Asili yake kwao ni haki na uadilifu; asili ya letu katika Kiarabu ni ukweli, na ndiyo iliyotupa kusadiki. Lakini wanazuoni wao wana neno jingine, wema wa vitendo, na wanaliweka juu ya sadaka. Sadaka, wanasema, ni ya mali, na wema ni wa mali na wa mwili. Sadaka ni ya fukara, na wema ni wa fukara na tajiri. Sadaka ni ya walio hai, na wema huwafikia hata maiti. Anayeosha maiti hangoji kulipwa na maiti. Akina mama wetu wanaoitwa usiku wa manane kwenda kumwosha marehemu, kisha wakarudi kuamsha watoto wa skuli, hawajawahi kupigiwa kura ya shukrani mahali popote, na sidhani kama wanaitaka.

Mtume (S.A.W.) alipowausia wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani, mfano alioutoa ulikuwa wa kwato ya kondoo. Na Abu Dharr aliusiwa anapopika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Mifano yote miwili ni ya jikoni. Nayo desturi yetu ya mwambao ya kupelekeana futari ilijengwa juu ya hayo. Sinia hupelekwa na mtoto, jioni, limefunikwa kwa kawa. Njia nzima hakuna ajuaye kilichomo, kama ni pilau la mwenye nacho au muhogo wa asiye nacho, wala hakuna ajuaye ni nani anayemhitaji nani. Sahani hairudi tupu. Sijui ni lini tuliamua kwamba mfuko wa plastiki na picha ni bora kuliko kawa.

Sasa Ramadhani yabisha hodi tena. Katika kikao chetu tumekubaliana kwamba waliochanga wataonyeshwa risiti za duka, na hilo litawatosha. Mwenzetu mwenye simu ndiye aliyelisema la kwanza. Alikwisha kuifuta ile picha zamani, ingawa zilizokwisha kutoka hazirudi.

Mimi nilikwenda kwa Bi Mkubwa mwezi uliopita, peke yangu, baada ya alasiri. Nilimwomba radhi. Hakunijibu kwa muda, akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema, “Mwanangu, njaa naijua, tumezoeana. Ile nyingine ndiyo sikuizoea.” Hatukuzungumza tena juu ya mfuko. Kabla sijaondoka nilimwambia kuwa darsa yetu ya wanawake ya Alhamisi inahitaji mtu wa kutupikia vibibi, na kwamba bei ataitaja yeye. Akaitaja. Ilikuwa juu kidogo ya niliyoitarajia, nami sikuipunguza.

Jumapili jioni mjukuu wake alinibishia hodi, amebeba sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilimfungulia, akanipa salamu za bibi yake, akageuka akaenda zake mbio. Vibibi vilikuwa sita, vingali moto.